Ndimu, nyungu na pua ya mtoto: tuifuate historia yake tangu mwanzo

SEHEMU YA 1: Sufuria moja, vitu vitatu

Msimu wa baridi umeingia na swali la kila mwaka limerudi. Mtoto kabanwa pua, akinyonya anaachia ziwa kila mara ili avute hewa, usiku kucha mnabembelezana. Bibi yake anasema: "Chemsha maganda ya ndimu, mfunike shuka, mfukize." Mama anafika kliniki anauliza kwa sauti ya chini, kama anaogopa kufokewa: "Nesi, na ile nyungu ya ndimu vipi, inasaidia kweli?"

Sipendi kulijibu swali hili kwa neno moja. Nikisema "acha" tu bila maelezo, mama ataitikia kwa kichwa, akifika nyumbani sufuria inabandikwa. Nikisema "endelea", nitakuwa sijamtendea haki mtoto. Kwa hiyo nimeandika mfululizo huu, sehemu nane. Soma taratibu, hata ukiwa unanyonyesha.

Jambo la kwanza la kuelewa ni hili. Tunaposema "ndimu inafungua pua" tunachanganya vitu vitatu tofauti:

1. Maji ya ndimu, yale makali, yenye vitamini C.
2. Mafuta ya ganda, yale yenye harufu.
3. Mvuke wa maji ya moto wenyewe.

Kila kimoja kina historia yake, kila kimoja kimepimwa na watu tofauti, na majibu hayafanani. Humu nitasema "ndimu" kwa ujumla, lakini hadithi inahusu jamii nzima: limau, chungwa, chenza, danzi.

Tuanze na maji.

SEHEMU YA 2: Mabaharia waliosifu hewa ya Mombasa

Ndimu tunaiona ya kwetu kabisa. Ipo kwenye mchuzi wa samaki, kwenye achari, kwenye chai ya mgonjwa. Lakini asili ya jamii hii ya matunda ni Asia, upande wa chini ya milima ya Himalaya, na pwani yetu iliyapata kupitia biashara ya Bahari ya Hindi, zamani sana. Msafiri Ibn Battuta alipopita huku mwaka 1331 aliandika kwamba Mogadishu alikaribishwa chakula chenye achari ya malimau, na alipofika Mombasa akataja migomba na milimau kati ya miti ya pale. Kwa hiyo bibi akikwambia ndimu ni ya tangu enzi, hakosei.

Miaka 167 baadaye, Aprili 1498, meli za Vasco da Gama zikatia nanga Mombasa. Mabaharia wake walikuwa wameshaonja kiseyeye njiani: fizi zinavimba, meno yanalegea, miguu inajaa. Mfalme wa Mombasa akawapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Mwandishi wa safari ile akaandika kwamba wagonjwa wao wote walipona pale, na akasema sababu ni hewa nzuri ya mji.

Hewa! Matunda yapo mezani, sifa inapewa hewa. Leo tunajua kiseyeye kinatokana na kukosa vitamini C, na machungwa yanayo. Lakini mabaharia wenyewe walianza kuhisi kitu, maana waliporudi kutoka India, Januari 1499, walipofika Malindi walituma mtu nchi kavu akatafute machungwa kwa sababu wagonjwa waliyatamani mno. Wengi walikuwa wameshachelewa, wakafia hapo hapo.

Nimewapa hadithi hii kwa sababu inaonyesha jinsi ilivyo rahisi kukosea sababu ya kupona. Mtu anapona, tunaangalia kilichokuwa karibu naye, tunakipa sifa. Njia ya kujua ni kulinganisha. Mwaka 1747 daktari wa meli Mskoti, James Lind, alichukua mabaharia 12 wenye kiseyeye akawagawa wawili wawili, kila jozi na tiba yake. Jozi iliyopewa machungwa mawili na limau moja kwa siku ndiyo iliyoinuka haraka. Hata hivyo ilipita karibu miaka 50, hadi 1795, ndipo jeshi la majini la Uingereza likaagiza mabaharia wapewe maji ya malimau.

Sasa kiseyeye kilihamaje kwenda kwenye mafua? Mwaka 1970 mwanasayansi Mmarekani Linus Pauling, mshindi wa tuzo mbili za Nobeli, aliandika kitabu akidai vitamini C nyingi inazuia na kutibu mafua. Dunia nzima ikaanza kununua. Majaribio mengi yakafuata, na yalipokusanywa pamoja mwaka 2013 jibu likawa hivi: kwa watu wa kawaida vitamini C haizuii mafua. Wanaoitumia kila siku, mafua yao yanafupika kidogo, kama asilimia 8 kwa watu wazima na 14 kwa watoto. Anayeanza kuitumia akiwa ameshaugua hapati faida ya kueleweka.

Kwa mtoto wa miaka minne anayekula matunda kila siku, hiyo asilimia 14 si haba. Mpe chungwa, mpe embe, mpe pera. Lakini hii haihusiani na nyungu, na sababu yake nitaeleza sehemu inayofuata.

SEHEMU YA 3: Kilicho ndani ya ganda

Utotoni wengi wetu tulicheza mchezo mbaya mmoja: unachukua ganda la chungwa, unalikunja karibu na jicho la mwenzio, linaruka kitu kinachowasha, anapiga kelele. Kile kinachoruka ndicho kiini cha hadithi hii. Ukiliangalia ganda karibu utaona vitundu vidogo vidogo. Ni vifuko vya mafuta. Ukilikunja vinapasuka.

Katika mafuta ya ganda la chungwa, zaidi ya asilimia 90 ni kitu kimoja kinachoitwa limonini. Kwenye limau ni kama theluthi mbili, na kilichobaki ni harufu nyingine, ikiwemo sitrali, ambayo ndiyo imejaa pia kwenye mchaichai. Ndiyo maana mchaichai unanukia limau wakati ni majani tu.

Aliyetusaidia kuzitenganisha harufu hizi ni mkemia Mjerumani Otto Wallach. Alipokuwa mwalimu Bonn alikuta kabatini chupa za mafuta ya mimea zilizosahaulika miaka mingi. Akazifungua, akaanza kuchambua moja baada ya nyingine, na akagundua kwamba vitu vingi vilivyokuwa na majina tofauti kulingana na mmea vilipotoka, kumbe ni kitu kile kile. Limonini ni mojawapo. Kazi hiyo ilimpatia Nobeli mwaka 1910.

Sasa rudi kwenye sufuria yako. Maji yakichemka, mvuke unabeba mafuta ya ganda kwenda juu, ndiyo maana nyumba nzima inanukia. Vitamini C haipandi na mvuke. Inabaki kwenye maji, na moto unaiharibu taratibu. Kwa hiyo anayekamua ndimu kumi ndani ya nyungu akidhani mtoto atavuta vitamini, anapoteza ndimu. Kinachofika puani ni mvuke pamoja na harufu ya ganda.

Na kutumia ganda kwa ajili ya kifua hatukuanza sisi. China wana chenpi, ganda la chenza lililokaushwa, wanalolitumia tangu kale kwa makohozi na kwa tumbo. Kitabu chao cha kale cha dawa, Shennong Bencao Jing, kinataja tunda hili katika orodha ya dawa bora. Mpaka leo mji wa Xinhui, mkoani Guangdong, unajulikana kwa maganda hayo, na kadiri yalivyozeeka ndivyo bei inavyopanda. Kwa hiyo watu wa mbali na sisi kabisa, wenye tunda la jamii hiyo hiyo, waliona nao kwamba ganda lina kazi yake kwenye kifua. Hilo linatosha kumfanya mtu alipime. Halitoshi kumpa mtoto dawa.

SEHEMU YA 4: Mvuke wapelekwa maabara

Kujifukiza ni kwa zamani kila mahali. Ulaya nako walikuwa na nyungu zao. Mwaka 1778 daktari John Mudge wa Plymouth, Uingereza, alitoa kitabu kuhusu kikohozi cha mafua na ndani yake akaeleza chombo alichobuni: kikombe kikubwa chenye kifuniko na mrija, unaweka maji ya moto, mgonjwa anavuta mvuke akiwa kitandani kwake. Karne iliyofuata vyombo vya namna hiyo viliuzwa madukani.

Karne ya 20 ikaja hoja ya kisayansi. Mfaransa André Lwoff, mshindi wa Nobeli ya mwaka 1965, aliamini joto linadhoofisha virusi. Virusi vya mafua vinapenda pua kwa sababu pua ina ubaridi kuliko mwili. Basi tukiipasha joto pua je? Kutokana na wazo hilo Israeli kulitengenezwa mashine iliyopuliza hewa yenye mvuke, joto kama nyuzi 43, moja kwa moja puani.

Uingereza walikuwa na kituo maalumu cha kuchunguza mafua karibu na mji wa Salisbury. Kilifanya kazi kuanzia 1946 hadi 1990, na watu walijitolea kwenda kuambukizwa mafua makusudi ili wachunguzwe. Mwaka 1989 walitoa matokeo: waliopuliziwa hewa ya nyuzi 43 walikuwa na dalili pungufu kuliko waliopuliziwa ya nyuzi 30. Watu wakafurahi.

Haikudumu. Mwaka 1990, na tena 1994, watafiti Marekani walirudia kwa mashine za aina hiyo na hawakuona faida. Majaribio sita yalipowekwa pamoja, yote yakiwa na watu wasiofika 400, hitimisho likawa kwamba hayaonyeshi mvuke wa moto unatibu mafua.

Angalia jambo moja muhimu hapo. Majaribio hayo yalitumia mashine iliyodhibitiwa joto, mtu kakaa wima, anasimamiwa. Hakuna aliyekaa chini ya blanketi na sufuria iliyotoka kuchemka. Mwaka 2020 wakati wa korona, kujifukiza kulihimizwa hadharani hapa Tanzania, na kila nyumba ikawa na nyungu yake: ndimu, mchaichai, tangawizi, majani ya mwarobaini, mkaratusi. Wengi mliniambia mlijisikia vizuri. Siwabishii, na sehemu inayofuata inaeleza kwa nini mlijisikia hivyo.

SEHEMU YA 5: Pua kufunguka na kujisikia imefunguka

Kwanza tujue pua inazibaje. Wengi tunafikiri ni kamasi tu. Kamasi ipo, lakini sehemu kubwa ya kuziba ni uvimbe. Ndani ya pua kuna mishipa midogo ya damu, ikijaa damu nyama za ndani zinavimba na njia inakuwa nyembamba. Ndiyo maana unapenga, unapenga, hakitoki kitu na bado huvuti hewa.

Dawa ya kufungua pua kweli inapaswa kunywesha uvimbe ule. Je, harufu zinafanya hivyo?

Mwaka 1983 kundi la Ron Eccles, Cardiff, Wales, lilipima. Waliwavutisha watu mvuke wa mentholi ya mnanaa, wa kafuri na wa mkaratusi, huku chombo kikipima hewa inapita puani kwa ugumu gani. Watu wengi walisema wanasikia ubaridi na pua imefunguka. Chombo kikasema njia ya hewa iko vile vile. Wote wawili walisema kweli.

Maelezo yakapatikana mwaka 2002. Maabara mbili Marekani, ya David Julius na ya Ardem Patapoutian, kila moja kivyake, ziligundua kipokezi kwenye mishipa ya fahamu kinachosikia ubaridi, na mentholi inakiwasha kama kitufe. Ubongo wetu unajua hewa inapita kwa sababu unasikia ubaridi wake. Ukiuwasha ubaridi kwa mentholi, ubongo unaamini hewa inapita vizuri. Wanasayansi hao walipewa Nobeli mwaka 2021 kwa kazi yao ya namna mwili unavyohisi joto, baridi na mguso.

Sasa chungulia nyungu yako uone nani yumo. Mkaratusi, ambao asili yake ni Australia na Kenya uliletwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya kuni za reli, una sineoli, na ni mmoja wa wale watatu waliopimwa Cardiff. Ndimu na mchaichai zinaleta limonini na sitrali, harufu safi inayochangamsha. Joto la mvuke linatuliza. Ukitoka chini ya shuka umetokwa jasho, umepenga vizuri, unajisikia mtu mpya. Kwa mtu mzima hiyo ni nafuu, na nafuu ni kitu kizuri.

Lakini mtoto wa miezi mitano haendi kwa kujisikia. Yeye anahitaji hewa ipite kweli ili anyonye. Kumridhisha ubongo wake wakati njia ni ile ile nyembamba hakumsaidii kumeza.

SEHEMU YA 6: Pale ambapo mafuta ya ganda yalifaulu

Nisiwe mtu wa kubomoa tu. Kuna ushahidi mzuri, na unatoka Ujerumani.

Huko kuna dawa ya vidonge laini inayoitwa GeloMyrtol. Ndani yake ni mchanganyiko wa mafuta ya mimea: mkaratusi sehemu 66, chungwa tamu sehemu 32, na mihadasi na limau sehemu moja moja. Yaani karibu theluthi moja imetoka kwenye familia ya ndimu. Wakati wa kutengeneza wanapima ili kila kidonge kiwe na kiasi kile kile cha limonini, sineoli na kitu cha tatu kiitwacho alfapineni.

Mwaka 1997 yalitolewa matokeo ya jaribio la wagonjwa 331 wenye uvimbe wa ghafla kwenye mianya ya uso, ule unaouma paji na mashavu. Waliopewa mafuta haya walipata nafuu kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Mwaka 2000 likaja jaribio la wagonjwa 676 wenye mkamba wa ghafla, wakagawanywa makundi manne: mafuta haya, antibiotiki, dawa ya kulainisha makohozi, na vidonge visivyo na dawa. Makundi matatu ya dawa yote yalilishinda lile la nne, na mafuta hayakuachwa nyuma na antibiotiki. Mwaka 2004 sineoli peke yake, kwa wagonjwa 152, nayo ilifanya vizuri kwenye mianya ya uso.

Kwa hiyo yule wa kwanza aliyesema ganda lina kitu cha kifua hakuota. Lakini soma masharti. Ni watu wazima. Ni vidonge vya kumeza, vinavyofunguka utumboni, si harufu ya sufuria. Ni kiasi kilichopimwa. Na limonini haikuwa peke yake, ilikuwa na wenzake. Huwezi kuchukua matokeo ya kidonge cha Mjerumani mzima ukayahamishia kwa kichanga chini ya khanga.

Halafu, kwa haki, tuzipime na dawa za dukani. Dawa nyingi za mafua zina fenilefrini, iliyowekwa humo kufungua pua. Ni ndugu wa karibu kikemia wa sinefrini iliyomo kwenye danzi. Septemba 2023 jopo la washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani lilipiga kura 16 kwa 0: fenilefrini ikinywewa kwa kiasi kile cha vidonge vya mafua haifungui pua. Novemba 2024 mamlaka hiyo ikapendekeza iondolewe kwenye dawa hizo. Watu walikuwa wameinywa miaka na miaka. Kwa hiyo sikuambii "achana na ya bibi, kanunue sirapu". Kwa mtoto mdogo sirapu za mafua nazo sizipendekezi, na chini ya miaka miwili kabisa usimpe bila kuandikiwa.

SEHEMU YA 7: Kwa nini sufuria isimkaribie mtoto

Hii ndiyo sehemu iliyonifanya niandike mfululizo mzima.

KUUNGUA. Mtoto hakai kimya chini ya shuka. Kuna joto, kuna giza, anaogopa, anarusha mguu, sufuria inamwagika mapajani na tumboni. Maji ya moto yakiingia chini ya nguo nzito na shuka yanakaa pale pale yanaendelea kuunguza. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, inaungua ndani haraka kuliko yetu. Si kwetu tu. Kitengo cha majeraha ya moto cha hospitali ya watoto Birmingham, Uingereza, kilikuwa kikipokea wastani wa watoto wawili kwa mwaka walioungua kwa kufukizwa. Mwaka 2020, korona ilipoingia, walipokea sita ndani ya mwezi mmoja. Wazazi wale walikuwa wanampenda mtoto kama wewe unavyompenda wako.

HARUFU KALI. Mwaka 2009 madaktari Marekani walieleza kisa cha mtoto wa miezi 18 aliyepakwa dawa ya kuchua ya kafuri na mentholi chini ya pua, akapata shida kubwa ya kupumua. Wakaipima kwa wanyama wadogo wa maabara, wakaona inaongeza ute na kupunguza kasi ya kuusafisha. Njia ya hewa ya mtoto ni nyembamba mno, ute kidogo tu unaiziba. Kwa watoto wa miaka 2 hadi 11 habari ni tofauti kidogo: mwaka 2010 jaribio la watoto 138 lilionyesha kuchuliwa kifuani na shingoni kulisaidia kikohozi na usingizi kuliko mafuta ya kawaida, ingawa wengi waliwashwa. Kwa hiyo: chini ya miaka miwili, hapana. Juu ya hapo, kifuani tu, kamwe si puani wala mdomoni.

MAFUTA YA CHUPA. Siku hizi yanauzwa mafuta ya limau na ya mkaratusi kwenye vichupa vidogo. Mtoto asinywe hata tone, na yasidondoshwe puani. Yafungie mbali kama unavyofungia mafuta ya taa.

NDIMU NA JUA. Wengine wanampaka mtoto maji ya ndimu kifuani au kichwani. Ndimu ina vitu ambavyo vikikutana na jua vinaichoma ngozi, inaota malengelenge, inabaki na madoa meusi wiki kadhaa. Wewe mwenyewe ukikamua ndimu nyingi, nawa kabla ya kutoka juani.

KUCHELEWA. Hili halionekani kama jeraha lakini ndilo linaloniumiza zaidi. Mtoto ana nimonia, nyumbani wanafukiza siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, wakisubiri pua ifunguke. Anafika kwetu amechoka.

SEHEMU YA 8: Sasa ufanye nini usiku huu

Mtoto chini ya miezi 6: maziwa ya mama tu, mara nyingi, kidogo kidogo. Hakuna maji ya ndimu, hakuna asali, hakuna chai. Pua ikiziba, tia tone moja au mawili ya maji ya chumvi ya puani yanayouzwa duka la dawa, subiri dakika moja, kisha vuta taratibu kwa kipira cha kuvutia kamasi au futa kwa kitambaa laini. Fanya kabla ya kunyonyesha. Hii ndiyo inayofungua pua yake kweli kweli, kwa sababu inaondoa kinachoziba.

Miezi 6 hadi mwaka 1: hayo hayo, pamoja na maji safi na uji au supu vuguvugu. Asali bado hapana, inaweza kuwa na vijidudu vinavyopooza mtoto wa umri huu.

Zaidi ya mwaka 1: kijiko kidogo cha asali kabla ya kulala kinatuliza kikohozi. Maji vuguvugu yenye ndimu kidogo na asali ni kinywaji kizuri. Kinamlainisha koo na kumwongezea maji mwilini. Ndimu hapa ina kazi yake.

Harufu ya ganda ukiipenda, mwaga maganda kwenye bakuli la maji ya moto uliweke juu ya kabati, mbali na mikono. Chumba kitanukia, bibi atafurahi, hakuna atakayeungua. Mtoto mwenye pumu, hata hilo liache.

Na bibi usimfokee. Mwambie: "Shikamoo bibi. Ile ndimu yako tumeitia kwenye asali anakunywa. Nesi kasema sufuria tu ndiyo tusimpe, asije akaungua." Wengi wanaelewa. Wao walikuwa wanatafuta mtoto alale, kama wewe.

Mpeleke mtoto kituo cha afya MARA MOJA ukiona:

– hanyonyi au hanywi, anatapika kila kitu, amelegea, au amepata degedege
– kifua chini ya mbavu kinabonyea ndani akivuta hewa
– anakoroma au kutoa mlio akivuta hewa akiwa ametulia
– midomo au ulimi umekuwa wa bluu
– ana umri chini ya miezi 2 na ana homa, au mwili wa baridi
– anapumua haraka: pumzi 60 au zaidi kwa dakika akiwa chini ya miezi 2, 50 au zaidi akiwa na miezi 2 hadi 12, 40 au zaidi akiwa na mwaka 1 hadi 5

Kuhesabu ni rahisi. Mtoto akiwa ametulia, funua tumbo lake, weka saa ya simu, hesabu linavyopanda dakika nzima, usikate nusu. Jaribu leo leo akiwa mzima, amelala. Ukijua pumzi zake za kawaida, siku akiugua utatambua mapema kabla hujauliza mtu.